Wiki ya 35 na bado sijui: kawaida, sindano ya mgongo au kisu?

TuliTuli:
Habari za muda huu wadau. Mimba ya kwanza, wiki ya 35 imeingia juzi. Mtoto ametanguliza kichwa, presha nzuri, damu ipo ya kutosha, kondo limekaa juu. Daktari hana neno na mimi. Mwenye maneno ni mimi mwenyewe.

Kliniki ya mwisho mkunga kaniuliza nimepanga kujifungua vipi. Nikadhani ni swali la kujaza fomu, nikasema "kawaida". Akaacha kuandika. "Kawaida bila dawa, kawaida na dawa ya maumivu, au unafikiria operesheni?" Nikabaki naikodolea macho kalamu yake. Kaniambia nikafikirie, nirudi na jibu wiki ya 37.

Tangu hapo usingizi umenihama. Dada yangu kapasuliwa mara mbili, anasema nisijitese bure. Mama mkwe kazaa sita bila hata kidonge. Hasemi kitu, ananitazama tu, na kile kimya kinanikaa kooni. Mume wangu anasema "utakavyo wewe mama", jibu linaloniudhi kuliko yote, maana ni kama kaniachia mtihani akaenda zake kutazama mpira.

Ninachoogopa nakisema bila aibu: uchungu wenyewe, kuchanika, sindano kuniachia mgongo mbovu maisha yangu yote, na kisu. Vyote naviogopa sawasawa, sasa nichague kipi? Waliopitia naombeni mseme kilichowatokea, mliyosikia kwa jirani yawekeni pembeni. Na mahubiri pia.

MamaWaWawili:
Karibu leba shoga. Mimi wote wawili kawaida, bila dawa. Msinipigie makofi, haukuwa ushujaa. Nilifika nimechelewa.

Ngoja nikueleze uchungu ulivyo, maana wengi husema "unauma sana" halafu wanaishia hapo. Kwangu ulianzia kiunoni nyuma, ukazunguka kama mkanda unaokazwa, tumbo likawa gumu kama ubao, ukapanda mpaka juu kabisa, ukaachia. Na ukiachia umeachia kweli: unaongea, unakunywa maji, unamwona hata muuguzi kavaa hereni nzuri. Nilikuwa nahesabu pumzi. Nikagundua kila uchungu unachukua pumzi kumi na tano hivi, na ya nane ndiyo mbaya. Nikishaivuka ya nane najua nateremka.

Karibu na mwisho nilipoteza hesabu. Nikatapika, nikatetemeka meno yakagongana, nikamwambia mkunga mimi naenda nyumbani, nikashuka kitandani kweli kutafuta viatu. Akacheka. "Basi umefika," akasema. Dakika arobaini baadaye mtoto yuko kifuani.

Nilichanika kidogo, wakapiga ganzi wakanishona, sikuhisi sindano. Wanaojifungua mara ya kwanza wengi huchanika walau kidogo, usikuze sana hilo. Kilichonitoa machozi ni kukojoa siku tatu za mwanzo. Nilikuwa najimwagia maji ya vuguvugu huku nakojoa, ikasaidia. Saa mbili baada ya kuzaa nilijiendea bafuni mwenyewe kuoga, na hiyo raha sitakuficha.

KovuLangu:
Mimi ni kisu cha kupangwa. Mtoto alikaa kitako. Wiki ya 37 walijaribu kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo, jambo ambalo hufanikiwa kama nusu ya wanaojaribiwa, wangu akagoma. Tukapanga wiki ya 39. Kabla ya hapo hawakutaka, kwa sababu mtoto anayetolewa mapema kabla uchungu haujaanza huwa rahisi kupata shida ya kupumua.

Watu husema kisu ni njia ya mkato. Nikuelekeze hiyo njia ya mkato. Unaingia thieta kwa miguu yako, baridi yake blanketi halifui dafu. Unakaa ukingoni mwa kitanda, unajikunja kama unafunga viatu, unachomwa sindano ya ganzi mgongoni, na ndani ya dakika chache miguu si yako tena. Pazia linawekwa kifuani. Wanakugusa na kitu cha baridi, wanauliza "hapa baridi unaisikia?" mpaka ujibu hapana. Maumivu huyasikii, ila kuvutwavutwa unakusikia: kama mtu anayetafuta funguo chini ya begi, na begi ni wewe. Mtoto alitoka kabla sijamaliza kuogopa, hata dakika kumi hazikufika. Kushonwa ndiko kulikochukua muda.

Shughuli ni kesho yake. Mpira wa mkojo umetolewa, unaambiwa simama. Nilitembea nimejikunja kama mwizi. Kukohoa adhabu, na mtu akinichekesha tulikuwa tunagombana kabisa. Nilijikandamizia mto tumboni kila chafya ilipokuja. Wiki sita sikunyanyua kitu kizito kuliko mtoto. Lakini sijuti. Kwa jinsi mtoto wangu alivyokaa, ningerudia kesho.

NgumiMkononi:
Bibi zetu walizaa shambani wakarudi na jembe begani. Wanawake wa siku hizi mmezidi uvivu, mara sindano, mara kisu. Maumivu ndiyo humfanya mwanamke kuwa mama.

KovuLangu:
Mkuu, siku ukienda kung'olewa jino huwa unakataa ganzi ili uwe baba zaidi?

MkungaMstaafu:
@NgumiMkononi hoja yako ni kongwe kuliko bibi yako. Mwaka 1847 James Young Simpson, daktari wa Edinburgh, alipoanza kuwapa wazazi dawa za kuvuta za kuondoa maumivu, etha na baadaye klorofomu, waliompinga walisema hayo hayo, kwamba maumivu ya kuzaa yana kazi yake na mwanamke hana ruhusa ya kuyakimbia. Mwaka 1853 Malkia Victoria akavuta klorofomu aliyopewa na daktari John Snow alipokuwa anamzaa Leopold, mtoto wake wa nane. Kelele zikapungua. Na hao bibi zetu walizaa, ndiyo. Waliokufa hawakubaki kutusimulia.

Sasa wewe TuliTuli mwanangu. Nimekaa leba miaka 26. Umeuliza kana kwamba kuna milango mitatu, utaingia mmoja ukafunga nyuma yako. Nimewapokea waliokuja na msimamo wa "bila dawa kabisa" wakaomba sindano wakiwa sentimita nne (yaani njia ya uzazi imefunguka kiasi hicho), na waliokuja wanadai sindano, mtoto akatoka sindano haijafunguliwa. Mimba yako kwa ulivyoieleza haina tatizo, kwa hiyo pa kuanzia ni kawaida. Kazi yako kabla ya wiki ya 37 ni kuamua nini kikitokea utabadilisha, na nani atakusemea wakati wewe huwezi kusema.

Jambo ambalo ningetamani kila mwenye mimba ya kwanza alijue ni hili la sentimita. Uchungu unaanza, mtu anakimbilia hospitali, anapimwa, sentimita mbili. Anakaa saa sita, tatu. Anaanza kulia kwamba amekwama, ndugu nje wanaanza kuulizana "kwa nini hawampasui?" Hajakwama. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilisogeza mstari: uchungu unahesabiwa umeshika kasi kuanzia sentimita 5, na kwa mzazi wa kwanza kutoka hapo mpaka njia ifunguke yote inaweza kufika saa 12 na bado ikawa sawa, mradi mama na mtoto wako salama. Ile kanuni tuliyofundishwa sisi ya sentimita moja kila saa haimfai kila mtu. Niliifuata kwa miaka mingi, na nikikumbuka baadhi ya wale niliowatuma thieta nabaki na maswali.

Ukiwa chini ya 5 na chupa haijapasuka, damu haitoki, mtoto anacheza kama kawaida yake, na waliokupima hawana wasiwasi, kaa nyumbani kwako. Tembea, oga maji ya moto, kula kidogo, lala ukiweza.

SindanoNjema:
Naona wote mmeiruka ya katikati. Mimi nilichomwa epidurali, ile sindano ya mgongo ya maumivu, nikiwa sentimita 6, na siku hiyo nilimpenda yule mtu wa usingizi, mchomaji wa hizo ganzi, kuliko mume wangu.

Unajikunja, unaambiwa usitikisike, na uchungu unakuja palepale huku sindano iko mgongoni. Hiyo dakika moja ndiyo ngumu. Wanaacha mrija mwembamba sana, wanaubandika mgongoni kwa plasta mpaka begani, dawa inapita humo. Robo saa baadaye niliona kwenye mashine mstari unapanda, yaani uchungu mkali kabisa, na mimi nauliza kama chai ipo.

Hasara nazo nilizipata. Presha ilishuka, nikasikia kichefuchefu, wakaongeza maji ya dripu. Nikawashwa ngozi usiku kucha. Mguu wa kushoto ulikufa ganzi, wa kulia haukufa vizuri, wakanigeuza upande kama chapati. Kutembea ikawa basi, na mkojo ukatolewa kwa mpira. Kusukuma kulichukua karibu saa tatu kwa sababu msukumo siusikii vizuri, namsubiri mkunga aniambie "sasa". Ila kabla ya hapo nililala saa mbili, na huo usingizi ndio ulionipa nguvu za kusukuma.

TuliTuli:
Asanteni sana, nimecheka mpaka mtoto kapiga teke. Maswali mawili. Hivi ni kweli epidurali inaishia thieta? Dada yangu anasema ndivyo ilivyoanza kwake. Na mgongo je?

MtuWaUsingizi:
Nafanya kazi hiyo, nijibu haraka nina zamu.

Thieta: hapana. Tafiti zilizowagawa wanawake kwa kura, hawa epidurali na hawa dawa nyingine, hazikuona kwamba wenye epidurali wanapasuliwa zaidi. Zamani dozi zilikuwa nzito, ndiyo maana watoto wengi walivutwa kwa kikombe au koleo. Dozi za sasa ni nyepesi na tofauti hiyo imepungua sana. Kinachowachanganya watu ni kwamba mwenye leba ngumu na ndefu ndiye anayeomba sindano, na huyohuyo ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuishia kwenye operesheni hata bila sindano.

Mgongo: maumivu ya muda mrefu hayatokani na sindano. Sehemu iliyochomwa inaweza kuuma siku kadhaa. Mgongo wa mama huuma kwa sababu ya mimba yenyewe, na baadaye kwa kuinama kunyonyesha. Kinachotokea kweli, kwa takriban mmoja kati ya 100, ni kichwa kikali kinachozidi ukikaa na kupoa ukilala, pale sindano inapotoboa utando wa ndani kwa bahati mbaya. Kina matibabu, usikivumilie kimya.

Wapo ambao hatuwachomi: chembe za kugandisha damu ziko chini mno, wanatumia dawa za kuyeyusha damu, au ngozi ya mgongo ina maambukizi. Na waulize swali ambalo wengi hawaulizi: saa tisa usiku mtu wa usingizi yupo, au anaitwa? Akiwa thieta na mgonjwa mwingine, nani anabaki? Kama jibu ni "tutaona", usiitegemee epidurali kama mpango wako pekee.

MkungaMstaafu:
Hapo kwenye "mpango pekee" naongeza. Kuna gesi, nusu oksijeni nusu ile inayoitwa gesi ya kucheka. Ivute mara tu unaposikia uchungu unaanza, maana inahitaji kama nusu dakika kushika. Ukisubiri uchungu ufike juu umechelewa. Haiondoi maumivu, inakufanya usijali sana. Kuna sindano ya pethidini, ya paja au tako. Inatuliza, inatia kichefuchefu na usingizi, na inamfikia mtoto. Akizaliwa saa chache baada ya sindano anaweza kuwa mzito kupumua na mvivu kunyonya. Ndiyo maana ukiomba tunakupima kwanza, na wala si kwamba tunakunyima.

Kisha kusimama, kupiga magoti, kuegemea. Kulala chali muda wote kunarefusha kazi. Na mtu wa kukaa na wewe mwanzo hadi mwisho. Wanaokaa na mtu huzaa kawaida zaidi na huomba dawa kidogo. Sijui kwa nini hilo huwa halisemwi kwa sauti ileile ya sindano. Labda kwa sababu haliuzwi.

BabaNaniHii:
Mimi ndiye nilikuwa huyo mtu wa kukaa. Kazi yangu ilikuwa mbili: kukandamiza kiuno chake kwa ngumi kila uchungu ulipokuja (mkono uliniuma siku mbili, sikuthubutu kusema), na kukumbuka. Yeye alipoulizwa "tukuongezee njia?", yaani wamkate kidogo mtoto apite, alikuwa hayupo, macho yamefumbwa. Nikauliza mimi: kuna haraka gani, mtoto yukoje? Mkunga akasikiliza mapigo ya mtoto, akasema tungoje uchungu miwili. Haikuhitajika kuongezwa. TuliTuli, mumeo akisema "utakavyo", mpe kazi. Sisi bila kazi hatuna faida mle ndani.

TuliTuli:
Nimemsomea hiyo. Kanyamaza, halafu kauliza ngumi inakaa wapi hasa.

Swali la mwisho. Nataka watoto wanne Mungu akijalia. Nikiamua kisu mara hii kwa woga wangu tu, huko mbele inakuwaje?

MkungaMstaafu:
Hilo ndilo swali lililonirudisha humu leo. Operesheni ya kwanza iliyopangwa vizuri, kwa mama mwenye afya, ni salama. Duniani zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano anazaliwa kwa kisu, wala usimwonee haya mtu. Deni lake linakuja baadaye, na linategemea una mpango wa kuzaa mara ngapi.

Kila kovu kwenye mfuko wa uzazi linaongeza nafasi ya kondo la mimba inayofuata kujishika palipokatwa na kuzama kwenye nyama. Kondo la namna hiyo halibanduki, damu inamwagika, na mara nyingi mfuko wa uzazi unatolewa. Kwa mama ambaye kondo limekaa chini na ana kovu moja, hali hiyo hutokea kwa kama 11 kati ya 100. Akiwa na makovu mawili, kama 40. Wenye kondo lililokaa mahali pake hatari ni ndogo sana, lakini huwezi kujua mapema kondo la mimba ya tatu litakaa wapi. Anayetaka mmoja au wawili, hesabu yake ni nyepesi. Wewe unataka wanne.

Kuzaa kawaida baada ya kisu kunawezekana. Kati ya 100 wanaojaribu, 60 hadi 80 wanafanikiwa. Kovu kufunguka wakati wa uchungu ni kama mmoja kati ya 200 kwa waliokatwa mkato wa chini wa kulala, na ndiyo sababu hilo halifanywi mahali pasipo na thieta karibu.

Woga nao ni sababu, usiudharau. Nimewahi kumpokea binti ambaye kila akipimwa njia alikuwa anajifunga kama ngumi. Alikuwa na historia yake, tukakubaliana operesheni na ilikuwa uamuzi sahihi. Kama woga wako ni wa namna hiyo, mwambie daktari wako waziwazi. Kama ni woga wa kutojua, huo naona umeanza kupungua tangu juzi.

SindanoNjema:
Na kuna hali ambazo mjadala unafungwa, eti mama? Kondo kuziba njia, mtoto kulala mlalo...

MkungaMstaafu:
Kitovu kutangulia, mapigo ya mtoto kushuka na kukataa kupanda. Hapo hatuulizi, tunakimbia. Ikibidi ni nusu kaputi, unaamka ameshazaliwa.

TuliTuli:
Nimeandika karatasi, upande mmoja tu. Nianze kawaida. Nisilale chali. Gesi nikiomba. Epidurali nikiiomba mara mbili, uchungu mmoja ukiwa umepita katikati (hiyo ni ya mume wangu, anasema mara ya kwanza nitakuwa natukana tu). Nisiongezewe njia bila kuambiwa sababu. Kisu kikihitajika, aseme mume wangu "ndiyo" kama mimi siwezi, na mtoto nimwone kabla hajapelekwa popote. Nimeipeleka kliniki. Mkunga kaisoma yote, kaipigia mhuri.

TuliTuli:
MREJESHO. Samahanini kwa kimya, leo ana wiki tano.

Uchungu ulianza usiku wiki ya 40 na siku mbili. Nilikaa nyumbani mpaka asubuhi kama nilivyoelekezwa, nikafika sentimita 5 nikajiona bingwa. Sentimita 7 ubingwa ukaisha. Niliomba sindano, uchungu ukapita, nikaomba tena. Mume akaenda kuita. Mtu wa usingizi yuko thieta. Nikapewa gesi, nikaishika ile barakoa kwa mikono miwili, mume ngumi kiunoni, nikahesabu pumzi za MamaWaWawili. Kwangu mbaya ilikuwa ya tisa.

Mtu wa usingizi alipotokea na trei yake nilikuwa nimeshashuka kitandani natafuta viatu. Mkunga akanitazama, akamwambia, "Asante, rudi tu."

Msichana, kilo 3.2. Nyuzi tatu. Mama mkwe alipokuja nilimwambia ukweli kwamba niliomba sindano ikachelewa. Akakaa kimya kama kawaida yake, akamfunika mtoto miguu, kisha akasema kwa wale wake wawili wa mwisho alikuwa akiiomba hata isiyokuwepo.